Je, wajua kwa nini ofisi ya mbunifu majengo hujaa kazi na bado ikakosa mishahara?

Ingia kwenye ofisi ndogo ya wabunifu majengo pale Dar es Salaam, zile za watu watatu au wanne, utakuta meza zimefunikwa na ramani. Nyumba ya Kigamboni, fremu za Mbezi, madarasa ya shule ya kanisa. Muulize mwenye ofisi kama mishahara ya mwezi uliopita imetoka, atabadilisha mazungumzo. Kazi zipo, fedha hazipo. Inakuwaje?

Jibu la haraka ni kwamba wateja ni wasumbufu. Wapo wa hivyo, tena wengi. Lakini hata mteja mwaminifu, anayelipa kila anachodaiwa kwa wakati, anaweza kuiacha ofisi bila hata nauli ya kwenda saiti. Chanzo ni namna ada inavyokatwa vipande.

Tuchukue hesabu ya mfano. Nyumba ya shilingi milioni 200, ada asilimia 5, yaani milioni 10. Humo humo mhandisi wa miundo anachukua milioni 2, maana mteja hulipa sehemu moja na mbunifu ndiye anayegawa. Zinabaki 8. Ofisi yenyewe, ukijumlisha pango, mishahara, umeme, intaneti na leseni ya programu ya kuchorea inayolipiwa kwa dola, inakula milioni 4 kwa mwezi. Basi kazi hii inailisha ofisi miezi miwili. Ila yenyewe itakaa mezani miezi minane: mteja anahamisha jiko, anarudisha jiko, halmashauri haijatoa kibali cha ujenzi, mama mwenye nyumba hajaiona ramani. Kwa hiyo zinahitajika kazi nne za ukubwa huo zikienda sambamba, tena zilipe kwa kupokezana. Zote zikilipa Desemba, Machi kuna njaa.

Sasa hivyo vipande. Utaratibu tulioupokea unagawa ada kwa hatua: michoro ya awali, kisha iliyokomaa, kisha michoro ya kina ya ujenzi, zabuni, na mwisho usimamizi hadi jengo likabidhiwe. Marekani mgawanyo unaotajwa sana ni asilimia 15, 20, 40, 5 na 20. Uingereza, chama cha wabunifu majengo, RIBA, kina mpango wa kazi wenye hatua nane, kuanzia 0 hadi 7. Ni mpangilio wa akili, ila aliyeutunga alikuwa na mteja wake kichwani: mwenye mkopo uliokwisha pitishwa, ambaye mkandarasi wake akianza hasimami mpaka funguo zitoke.

Wateja wetu wengi wa nyumba za kuishi si hao. Wanajenga kwa mshahara, kwa mavuno, kwa zamu ya kikoba, kwa fedha anazotuma ndugu aliye Muscat. Mwaka huu msingi, mwakani kuta hadi lenta, halafu mtoto anaingia chuo na nyumba inasimama hapo hapo miaka miwili. Si uzembe. Ndiyo njia ya kujenga bila kubeba riba ya benki, na mimi siwalaumu hata kidogo. Ila ile asilimia 20 ya usimamizi, milioni 2 katika mfano wetu, inakaa juani pamoja na tofali. Mbunifu ameshaiandika kwenye daftari kama fedha inayokuja, na pengine ameshaikopea.

Wengine hawafiki hata huko. Wakishapata michoro yenye mhuri na kibali, fundi anaendelea na lake, mbunifu haitwi tena. Ndiyo maana ofisi zilizokomaa haziachii michoro yenye mhuri kabla salio la hatua zote za uchoraji halijaingia. Kabla ya hapo mteja anapewa nakala ya kutazama na kujadili. Mhuri ukishatoka, kilichobaki mkononi mwa mbunifu ni namba ya simu ya mteja.

Usimamizi nao, kwa maoni yangu, utolewe kabisa kwenye asilimia. Ulipiwe kwa kila safari ya saiti, au kwa mwezi pale ujenzi unapoendelea. Nyumba ikisimama, malipo yanasimama, na gharama zinasimama pia. Hakuna anayemdai mwenzake.

Asilimia ina kasoro nyingine. Mbunifu akipata paa la bei nafuu lenye uimara ule ule, amejikata ada mwenyewe. Akipendekeza vigae vya ghali, mteja anamtilia shaka. Viwango vya lazima vya ada vilishapigwa vita kwingine, ingawa kwa sababu ya ushindani: RIBA iliacha kuvilazimisha mwaka 1982, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema ada za chini na za juu zilizowekwa kisheria Ujerumani zinakiuka sheria za Umoja huo. Kwa nyumba ya familia, kiasi kilichokubaliwa mwanzoni ni salama zaidi, mradi ofisi iwe inaandika saa zake. Nyingi haziandiki, na hapo bei inakuwa ya kubahatisha.

Halafu kuna kodi, na hapa ndipo ofisi changa huumia bila kuelewa kilichowapata. Tanzania Bara, watoa huduma za kitaalamu wanatakiwa kusajiliwa kwenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hata kama mauzo yao ni madogo. Ukitoa ankara ya milioni 4, VAT ya asilimia 18 ni shilingi 720,000, na ritani yake, yaani taarifa ya kodi hiyo, inatakiwa kufika TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi inaanza kudaiwa ankara inapotoka, mteja awe amelipa au hajalipa. Akikulipa baada ya miezi mitatu, wewe ulishamlipia. Mteja akiwa kampuni, atakata pia kodi ya zuio ya asilimia 5, shilingi 200,000, na kukupa cheti badala ya fedha. Ndiyo sababu kwanza hutumwa profoma, yaani makadirio ya bei yasiyo ankara ya kodi, na ankara yenyewe hutoka fedha zikiwa njiani. Zile 720,000 zikiingia, zihamishiwe akaunti yake siku hiyo hiyo, maana zikilala pamoja na nyingine zitalipa pango.

Kingine cha kuandika mapema kwenye mkataba ni mteja anayerudi baada ya ukimya mrefu. Huyu mara nyingi hurudi na familia iliyoongezeka, akitaka ghorofa juu ya msingi uliopigiwa hesabu ya nyumba ya chini. Mhandisi lazima aanze upya, na kibali kirudi halmashauri. Hiyo ni kazi mpya, na inatakiwa iwe na kianzio chake.