Leseni ya Uvumbuzi wa Chuo Kikuu

Leseni ya uvumbuzi ni mkataba ambao kwa huo chuo kikuu, kikibaki mmiliki wa hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi bila idhini), huiruhusu kampuni kutengeneza na kuuza kitu kilichotokana na utafiti wa chuo hicho. Chuo hakiuzi mali yake. Kinatoa ruhusa yenye masharti, na kwa kawaida ruhusa hiyo hufutwa iwapo kampuni itaikalia tu bila kuifanyia kazi.

Mtafiti huanza kwa kuiarifu ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia, yaani ofisi ya chuo inayoshughulikia hataza na leseni, na ni heri afanye hivyo kabla ya kuchapisha makala, kwa kuwa barani Ulaya uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani hauhesabiwi tena kuwa mpya. Nchini Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviwezesha vyuo kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu.

Uamuzi mzito ni kama leseni itolewe kwa kampuni moja pekee au kwa wengi. Stanley Cohen na Herbert Boyer walipovumbua mbinu ya kuunganisha vinasaba, Chuo Kikuu cha Stanford kiliomba hataza mwaka 1974, kisha kikatoa leseni kwa kila kampuni iliyokuwa tayari kulipa. Zikafika mamia, na mapato yakapita dola milioni 200. Mbinu ya maabara inayohitajiwa na kila mtu hustahili njia hiyo. Dawa mpya ni jambo jingine: majaribio yake huchukua miaka mingi na fedha nyingi, na hakuna mwekezaji atakayeyagharimia huku mshindani akiwa na haki ileile.

Kampuni changa iliyoanzishwa na watafiti wenyewe mara nyingi haina fedha taslimu, hivyo chuo hupokea hisa pamoja na ahadi ya mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo. Hisa ambazo Google iliipa Stanford ziliuzwa kwa dola milioni 336, kiasi ambacho, kwa maoni yangu, kimewatia tamaa wakuu wengi wa vyuo, ilhali ofisi nyingi za uhawilishaji wa teknolojia hazirudishi hata gharama zake. Mtafiti mwenye hisa katika kampuni hiyo hapaswi kukiwakilisha chuo wakati wa kujadiliana masharti ya leseni, wala kuwatumia wanafunzi anaowasimamia kama vibarua wa kampuni yake.