"Steadily" si polepole

Ninafundisha Kiingereza jioni, twisheni ya watahiniwa wa kidato cha nne hapa Mtwara mjini, na kuna neno moja ambalo kila mwaka hunirudisha ubaoni: "steadily". Juzi niliandika "The dhow sailed steadily to Mikindani", nikaomba tafsiri. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: jahazi lilikwenda polepole hadi Mikindani.

Hiyo ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Polepole ni "slowly". "Steadily" haikwambii kama mwendo ni mdogo au mkubwa. Inakwambia kwamba haubadilikibadiliki. Sisi wa pwani hii tunaweza kulielewa kwa kulitazama kusi. Mwezi wa Julai upepo ule huvuma kutwa kwa nguvu ileile, tanga likajaa na kubaki limejaa, halipigipigi, na mashua inakata maji mbio. Inakwenda kasi na inakwenda "steadily", yote kwa pamoja. Chombo kinachosukumwa na upepo wa kuja na kukatika hakistahili neno hilo hata kama kinatambaa.

Kijana mmoja alinibishia, na hoja yake ilikuwa nzuri: "Mwalimu, mbona kwenye hadithi ya sungura na kobe wanasema 'Slow and steady wins the race'?" Nadhani kosa linazaliwa hapo hapo. Lakini maneno ni mawili, yameunganishwa na "and". Kama "steady" ingekuwa na maana ya polepole, "slow" ingetajwa ya nini? Kobe alikuwa mzito wa mwendo, na pia hakusimama. Hizo ni sifa mbili. Sungura mbio alikuwa nazo, ila alilala njiani.

Wengine hulichanganya na "gradually". Yanakaribiana, si pacha. Chukua mkulima wa Newala anayeokota korosho: Jumatatu kilo 10, Jumanne 20, Jumatano 30, Alhamisi 40. Mzigo wake unaongezeka "steadily", kwa kiasi kilekile kila siku. Jirani yake anapata 10, 11, 11, 14, 14, 15. Naye anapanda, kidogo kidogo, lakini kuna siku amesimama palepale; huyo tunamwita "gradually". Kwenye maswali ya kueleza grafu tofauti hii inaonekana wazi, kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, tazama mstari: umenyooka au una vituo?

Wapo pia wanaoamini kuwa ni neno la kupanda na la mambo mema tu. Hapana. Bei hushuka "steadily", na afya ya mgonjwa huzorota "steadily". Hata mwendo si lazima uwepo: "She looked at me steadily" maana yake alinikazia macho bila kupepesa.

Kosa la sarufi ninalolikuta mara nyingi ni "The ladder is steadily". Ngazi iliyotulia ni "steady", kwa kuwa unaisifu ngazi yenyewe. Ndiyo maana anayepanda juu humwambia aliyeshika chini "Hold the ladder steady". Lakini "The price is steadily rising" ni sahihi, kwa sababu neno letu hapo linaeleza kule kupanda.

Na tafadhalini, si "stidili". Tamka "stedili", ile "ea" ikisikika kama kwenye "bread" na "head". Ndani yake limo neno la kale "stead", yaani mahali, ambalo bado limejificha kwenye "instead". Kitu kilicho "steady" kimekaa mahali pake.

Kiswahili hakina neno moja la kulibeba kila mara, na hilo lisimtishe mtu. Mvua ilinyesha mfululizo. Bei ilipanda bila kusita. Injini ilinguruma kwa mlio mmoja. Sentensi yenyewe ndiyo inayokuchagulia.

Niliporudia ile ya jahazi, mikono ilichelewa kunyooka. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye baba yake ni mvuvi, akasema taratibu: "Jahazi lilikwenda Mikindani, tanga halikulegea." Nikaiandika ubaoni kama alivyoisema.