n si nazi: ufafanuzi kuhusu kurahisisha mitajo ya aljebra

Daftari za Kidato cha Kwanza zikirudi nyumbani na wino mwekundu, wazazi huuliza: mbona mtoto kakosa na kujumlisha kajumlisha sawa? Tunaelewa uchungu huo. Lakini mara nyingi kosa halikuanzia skuli. Limeanzia pale mtoto alipoambiwa kwamba 3n ni nazi tatu.

Si nazi. Katika mtajo, yaani namba na herufi zilizounganishwa kwa alama kama + na −, herufi husimama badala ya namba, mathalani bei ya nazi moja pale sokoni Darajani, ambayo ya leo si ya jana. 3n ni bei hiyo mara tatu. Anayeshikilia nazi atatueleza n × n ni kitu gani: nazi mara nazi?

Kwa hiyo 3n + 2n ni 5n, kwani bei ni ile ile. Lakini 3n + 2m, m ikiwa bei ya fungu la muhogo, hubaki kama ilivyo; kuandika 5nm ni kuzidisha bei mbili ambazo hakuna aliyesema zizidishwe. Na n isiyo na namba mbele ni 1n, hivyo 4n − n ni 3n, si 4.

Chukua 7n − 2(3n − 4) + 5. Ndani ya mabano hapaunganiki kitu, basi mabano yafunguliwe kwa kuzidisha, na −2 iende pamoja na alama yake: −2 × 3n ni −6n, −2 × −4 ni +8. Tunapata 7n − 6n + 8 + 5, yaani n + 13. Anayesahau alama huandika −8 na kupata n − 3. Mwenye haraka hutoa 7 − 2 kwanza, akaharibu kila kitu.

MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), kifupi cha mpangilio wa kukokotoa, nayo inasomwa vibaya. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, hufanywa kuanzia kushoto: 9n − 4n + 2n ni 7n. Atakayejumlisha 4n na 2n kwanza ataleta 3n.

Hakiki kwa kuweka 10 mahali pa n. Mtajo wa awali: 70 − 52 + 5, yaani 23, n + 13 nayo ni 23, ilhali n − 3 ni 7. Usihakiki kwa 1 wala 2: ukiweka 1, n² na n hulingana, ukiweka 2, n² na 2n hulingana, na kosa likapita.

Utaratibu wa kutoa maksi hutofautiana baina ya mitihani. Hata hivyo, jibu lililokosewa bila hatua humwacha msahihishaji hana pa kuweka maksi hata moja.

Mwisho, n + 13 ni jibu kamili. Si 13n, na wala haiongezwi “= 0” ili n itafutwe: swali lilisema rahisisha.