Muhuri wa Mtaa Haubadili Matumizi ya Kiwanja

Malalamiko yanayofika kwenye ofisi zetu za mipangomiji siku hizi yanafanana. Jirani amegeuza nyumba yake kuwa baa, karakana ya kuchomelea au nyumba ya kulala wageni, na wenzake wanataka halmashauri ichukue hatua. Mlalamikiwa akiitwa, anatoa karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye anaamini ameruhusiwa. Waliolalamika nao wanaamini ameruhusiwa, ndiyo maana wanahisi kuna mchezo. Wote hawako sahihi.

Barua ya mwenyekiti inamtambulisha mkazi, basi. Matumizi ya kiwanja yanatokana na mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na yameandikwa kwenye hati yako ya umiliki pamoja na masharti mengine ambayo wengi hawajawahi kuyasoma. Tunaambiwa kila mara: "Kiwanja ni changu, nikitaka nitalala, nikitaka nitauza bia." Hapana. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Wewe umemilikishwa kwa muda, iwe miaka 33, 66 au 99, kwa shughuli iliyotajwa.

Wengine huja na risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, mtu huona akishakatwa basi serikali imembariki. Kodi ile haiulizi ndani ya jengo kunafanyika nini. Hoja hii tungeomba iachwe.

Anayetaka kubadili matumizi huandika maombi kwa mkurugenzi wa halmashauri, akiambatisha nakala ya hati na uthibitisho kwamba hadaiwi kodi ya pango la ardhi, ambayo si ile ya majengo. Mwenye deni asishangae maombi yake yakirudi. Kusudio lake hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wataalamu hufika kwenye eneo kuangalia upana wa barabara, maegesho, majitaka, na ukaribu wa shule au zahanati. Kwa mradi kama kituo cha mafuta, huo ni mwanzo tu, kwani zipo taratibu za NEMC, baraza la mazingira, kuhusu athari kwa mazingira na za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuhusu kituo chenyewe. Baada ya hapo ombi huenda kwenye Kamati ya Mipangomiji na Mazingira ya madiwani, na mapendekezo hupelekwa ngazi ya wizara yenye dhamana ya ardhi. Likikubaliwa, umiliki huandikwa upya kwa matumizi mapya na kodi ya pango hukadiriwa upya. Ndipo kibali cha ujenzi kinapoombwa. Kibali hicho ni jambo la pili, na anayeanza nacho ameanzia katikati.

Kuhusu madiwani, niseme kwa uangalifu. Diwani ni mjumbe halali wa kikao na wananchi wana haki ya kumbana. Lakini peke yake hana mamlaka ya kumruhusu wala kumzuia mtu, na ahadi ya mkutano wa hadhara isiyoonekana kwenye muhtasari wa kikao sisi hatuwezi kuitekeleza. Ni kweli pia kwamba mtaalamu hushauri tu, na ushauri hukataliwa. Sitaingia kwenye mifano.

Miji hubadilika, na hakuna anayepinga. Dar es Salaam imeandaliwa mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya jiji zima, ya mwaka 1949, 1968 na 1979, kisha mwingine unaofika 2036. Kariakoo ya nyumba za chini sasa ni ya maghorofa. Shida ni mabadiliko ya kiwanja kimoja kimoja ambayo hayajahesabiwa na yeyote. Sinza ilipangwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma, watu wapate mahali pa kuishi. Tembea huko leo usiku. Kiwanja kilichokadiriwa familia moja kikibeba vyumba ishirini vya wageni, shimo la majitaka linafurika kwa jirani, magari yanalala barabarani, na gari la zimamoto linakosa pa kupita. Walio kwenye maeneo yasiyopangwa wana utaratibu wao wa urasimishaji, yaani kupimiwa na kumilikishwa pale walipo, ambao unahitaji makala yake.

Anayekiuka hupewa ilani ya kusitisha. Akiendelea na ujenzi, anaweza kuamriwa abomoe kwa gharama zake, na fidia hapo haipo. Kwa mwenye hati kuna njia nyingine ndefu zaidi: Kamishna wa Ardhi anaweza kumtaka arekebishe ukiukwaji wa masharti, kumtoza faini, na mwisho kupeleka mapendekezo kwa Rais ili milki ifutwe. Ilani ya siku 90 mnayoisikia mitaani ni sehemu ya njia hiyo. Haitolewi kwa kushtukiza, na anayesema hakujua huwa amekwisha pokea barua kadhaa.

Lakini nirudi kwa majirani, maana hapa ndipo uvumilivu wetu hupungua. Tangazo linatoka, watu wanapita, hakuna anayesoma. Ukuta ukifika kwenye linta, ndipo tunaitiwa waandishi wa habari. Pingamizi huletwa ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, kwa maandishi, likiwa na namba ya kiwanja, kitalu na sababu inayohusu matumizi: kelele, moshi, maji, njia, usalama. Kwamba mwombaji ni mgeni mtaani au ana fedha nyingi si sababu. Lipeleke masijala, uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Pingamizi la simu, au lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, haliingii kwenye jalada.