Nani Akae Kwenye Kamati ya Kiwanja cha Ndege?

"Mwanangu, mnazi wangu umemkosea nini rubani?"

Mzee mmoja aliniuliza hivyo siku tulipopita na mkebe wa rangi nyekundu, tukiweka alama kwenye miti iliyo jirani na kiwanja cha ndege. Nilimjibu kwamba ni mambo ya usalama. Akanyamaza, kama watu wazima wanavyonyamaza wakiona kijana hajasema kitu. Mimi ni mtu wa mipango ya ardhi, na kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye vikao vya wasimamizi wa viwanja na majirani zao. Swali la mzee yule ndilo lililonionyesha kamati ya ushauri ya kiwanja, inayowakutanisha wasimamizi na majirani hao, inahitaji watu wa namna gani.

Jibu nililopaswa kumpa ni hili. Mbele ya kila njia ya kuruka na kutua ndege kuna dari isiyoonekana. Kwa njia kubwa ambako ndege hutua kwa kuongozwa na vyombo, viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huianzisha dari hiyo mita 60 kutoka njia inapoishia, kisha inapanda kwa asilimia 2. Yaani ukienda mbele mita 50, dari imepanda mita 1. Na kadiri inavyokwenda mbali inatanuka pande zote mbili, kama kipepeo cha kupepea mkaa. Ukiwa mita 500 kutoka dari inapoanzia, kama ardhi ni tambarare, mti usizidi mita 10. Ukiwa mita 1,000, usizidi mita 20. Mkorosho una nafuu, kwa kuwa hutanuka kuliko kurefuka. Mwembe wa babu na mnazi wa zamani ndio wenye taabu.

Sasa tazama Mtwara. Katika upanuzi wa kiwanja chetu, njia ilirefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800. Hizo ni mita 542 zaidi. Zingeongezwa zote upande mmoja, dari juu ya shamba la upande huo ingeshuka karibu mita 11, na mti wenyewe haujaota hata jani jipya. Kwa mwenye shamba, ni kama sheria imebadilika usiku. Sheria ni ileile. Njia ndiyo iliyomsogelea. Haya yanaelezeka kwa kamba na vigingi viwili, chini ya mti wenyewe, kwa dakika kumi. Lakini mpaka awepo mtu aliyeelewa na anayeaminika pale mtaani, maelezo hufika yakiwa yamegeuka uvumi: wanataka kutunyang'anya mashamba.

Ndiyo maana nasema wajumbe wa wananchi wachaguliwe kwa kutazama ramani. Desturi tuliyoizoea ni kutazama vyeo: diwani, mwenyekiti wa mtaa, mfanyabiashara mmoja, kiongozi wa dini, basi. Nawaheshimu wote, na mwenyekiti wa mtaa lazima awepo, maana ndiye mwenye mamlaka ya kuitisha mkutano. Ila anaweza kuwa anaishi mahali ambapo ndege haimwamshi.

Chukua mfano wa upepo. Ndege hutua ikiuelekea. Wakati wa kusi, ndege hutua ikielekea kusini, hivyo hushukia upande wa kaskazini, ambako kwetu Mtwara ndiko mji ulipo. Kaskazi ikishika, mambo hugeuka, na wanaopitiwa na ndege zinazoshuka ni wa upande wa kusini. Kamati ikiundwa mwezi Julai kwa kuwasikiliza waliolalamika, itajaza watu wa ncha moja. Wale wa ncha ya pili watakuja kulalamika Januari, na wataambiwa nafasi zimekwisha. Kila ncha iwe na mtu wake tangu mwanzo.

Halafu kuna uzio. Uzio ni wa lazima. Ng'ombe au mtoto kwenye njia ya ndege ni msiba. Lakini uzio hukata vijia ambavyo watu wamevipita miaka na miaka, kwenda shamba, kisimani, shuleni. Katika kiwanja kimoja nilichowahi kufanyia kazi, kamati nzima ilikuwa ya wanaume, na kwa vikao vitatu hakuna aliyekumbuka kijia cha maji. Kina mama ndio walioongezewa mwendo. Nilikuwemo kwenye vikao hivyo, na mimi pia sikuuliza.

Nchini tuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na lina kazi yake muhimu: kumtetea anayelipa nauli. Jirani wa kiwanja ni mtu mwingine. Anaweza asipande ndege maisha yake yote. Uingereza waliliona hili katika Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 1982: kifungu cha 35 kinavitaka viwanja vilivyotajwa kushauriana na makundi matatu, yaani watumiaji, halmashauri za jirani, na vyama vinavyosimamia maslahi ya watu wa eneo lile. Kila kundi kwa jina lake.

Mjumbe akishapatikana, mpangieni namna ya kurudisha habari kwa waliomtuma. Muhtasari wa kikao ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ndani ya siku saba, kwa Kiswahili cha kawaida, nao usomwe kwenye mkutano wa hadhara unaofuata. Suala la fidia lisemwe waziwazi: ni maneno ya sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kamati haipangi fidia, lakini inaweza kuuliza malipo yamekwama wapi, na kuuliza tena kikao kijacho.

Vikao vyenyewe msiviweke Oktoba na Novemba asubuhi. Watu wako kwenye korosho. Akidi itatimia kwa watu wa ofisini peke yao, na maamuzi yatapita. Wekeni baada ya alasiri, na si Ijumaa.

Kwa mzee yule nilirudi baadaye, na kamba. Tulipima pamoja. Mnazi mmoja ulikuwa umepita, mitatu ilikuwa salama, na ile mitatu tulikuwa tumeipaka rangi bila kuipima. Akanipa kisu niikwangue mwenyewe.