Mazimwi hayatoki kichwani tu

Dar utasikia mara nyingi kwamba anayechora mazimwi na vyombo vya anga kazaliwa na kipaji, anatoa kichwani. Sivyo. Chesley Bonestell, Mmarekani aliyezaliwa 1888, alianza kwa kuchora majengo, kisha mandhari za filamu Hollywood. Picha zake za sayari ya Zohali ikionekana kutoka kwenye miezi yake zilitoka katika jarida la Life mwaka 1944, akiwa na miaka 56, na zilisimama juu ya hesabu za wanafalaki. Kipaji? Alikuwa nacho, bila shaka. Kijana wa hapa anayetaka joka lenye uhai aende Feri, soko la samaki la Dar, asubuhi na daftari, achore mkunga, kambakochi, magamba ya changu. Harufu ataizoea. Wahariri wanaotafuta wachoraji wa majalada ya vitabu huomba kuona kazi. Cheti huulizwa mara chache.