Usishuke Kitonga kwa nyutro

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza udereva tayari wameambiwa na kaka au rafiki kwamba kwenye mteremko unaweka nyutro, yaani unatoa gia, ili uokoe mafuta. Enzi za kabureta ushauri huo ulikuwa na ukweli. Kwa injini za sasa ni kinyume. Ukiwa kwenye gia, ukatoa mguu kwenye mafuta huku injini ikizunguka kama mara 1,500 kwa dakika au zaidi, kompyuta ya gari hufunga nozeli zinazoingiza mafuta kwenye injini. Matairi ndiyo yanaizungusha injini, haichomi hata tone. Ukiweka nyutro inabidi ichome mafuta ili isizime. Kushuka umekanyaga klachi ni yale yale.

Ila mafuta ni jambo dogo. Chukua Kitonga, mteremko mkali wa mkoani Iringa, ukitoka Ilula kuelekea Ruaha Mbuyuni. Gari la kilo 1,500 likiteremka mita 300 za kimo, nguvu inayotoka hapo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 12 za maji. Kwa nyutro, sehemu kubwa ya joto hilo inaishia kwenye diski na pedi. Pedi zikiungua hazishiki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame zipoe, na usizimwagie maji.

Pangua gia kabla mteremko haujaanza. Gia ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kushukia. Punguza mwendo kwa breki, kanyaga klachi, toa ya nne ingiza ya tatu, gusa mafuta kidogo resi zipande, kisha achia klachi taratibu. Ukiiachia ghafla kwenye lami yenye maji, tairi zinateleza. Na usiingize ya pili ukiwa kasi 90, utaua injini. Gari likizidi kukimbia, kanyaga breki sawasawa, punguza mwendo, kisha ziachie zipoe. Usizikalie mguu njia nzima.

Kwa malori makubwa hali ni mbaya zaidi. Mengi gia zake hazina sinkronaiza, kile kinacholinganisha mizunguko ili gia iingie laini: ukiitoa gia katikati ya mteremko na kasi ikapanda, hairudi, inakwaruza tu. Unabaki na breki za upepo peke yake, nyuma yako tani 50. Dereva wa lori achague gia kule juu, kabla ya kona ya kwanza, na asiiguse mpaka afike bondeni.